Lebo ya Mama

Watu wengi wanaopanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kutafuta ofisi yetu huwa wamebeba kitu kilichoharibika. Kibao cha mlangoni kinasema Kituo cha Utafiti wa Asia ya Leo, lakini binadamu akishaliona neno Asia hasomi zaidi. Jumatatu moja alikuja mzee na rimoti ya kiyoyozi ndani ya soksi, akitaka tumsomee vitufe. Mama mwingine alituletea kitabu cha maelekezo ya jiko la umeme, kurasa sitini, na hakuna herufi hata moja aliyoifahamu. Wanafunzi nao huja kuuliza kama tunatoa viza. Hatutoi viza na hatutengenezi kitu. Tunasoma, tunahesabu, tunaandika ripoti, na ripoti zetu husomwa na watu wapatao arobaini, nikiwajumlisha na walioziandika.

Nimefanya kazi pale miaka kumi na sita na naipenda kazi yangu. Niliseme hilo mapema, maana nitakayoyasimulia yanaweza kukufanya ufikiri vinginevyo. Tuko sita. Mmoja amezama kwenye dawa za kutoka India, anajua zilikopita tangu kiwandani hadi kwenye dirisha la duka la dawa. Mwingine anafuatilia magari yaliyotumika ya kutoka Japani, na yeye mwenyewe hana hata baiskeli. Mkurugenzi wetu, mama mkali anayechomeka penseli kwenye nywele na kuisahau, kisha akatafuta nyingine, ikifika jioni anakuwa nazo tatu kichwani. Ameandika kitabu kizima juu ya wazee wa Kijapani wanaoishi peke yao. Mimi upande wangu ni mahojiano. Sihoji mtu, nasoma waliyoyasema waliohojiwa.

Mwaka huo tulikuwa na utafiti ambao jengo zima la chuo kikuu lilituonea wivu: tamthilia za Asia zilizotiwa sauti za Kiswahili. Za Kikorea, za Kichina, za Kihindi, za Kifilipino. Tulitaka kujua zimeingiaje sebuleni mwa watu, nani anaangalia na nani, na mtu akishaangalia anaionaje Asia na anayaonaje maisha yake mwenyewe. Wahojaji walizunguka mtaa kwa mtaa, kila nyumba ya kumi yenye televisheni. Wakarekodi, wakaandika neno kwa neno, hata kicheko na kikohozi vikawekwa kwenye mabano. Majina yakaondolewa, kila nyumba ikawa namba, na mafaili yakaja mezani kwangu na kwa mwenzangu.

Mwenzangu tunamwita Bwana Ushahidi. Ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza ushahidi uko wapi, ilhali umesimama mbele yake umelowa chapachapa. Kazi yetu sote wawili ni moja: kusoma kila jibu na kulibandika lebo inayosema jibu hilo linahusu nini. Tulikuwa na lebo kumi na nane. Burudani, Mavazi, Ndoa na Wakwe, Kujifunza Lugha, Upweke, na kadhalika. Kila mmoja anasoma peke yake bila kuchungulia kwa mwenzake, halafu Alhamisi tunakaa kwenye meza ndefu kulinganisha. Tukikubaliana tunasonga mbele. Tukipishana tunabishana mpaka mmoja asalimu amri, na asipopatikana wa kusalimu amri, tunampelekea mwenye penseli.

Kuna kanuni moja iliyo juu ya zote. Ukimtambua mtu unayemsoma, unaliacha faili hapohapo na kumwambia Mkurugenzi. Na yaliyomo kwenye faili hayatoki nje, hata kwa mume, hata kwa shoga. Nimeitia saini kanuni hiyo. Nimeifundisha kwa wageni wote waliowahi kuajiriwa pale, tena kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe hawezi kuivunja.

Sasa nikueleze habari za mama yangu. Tangu baba afariki anaishi peke yake kwenye nyumba ileile tuliyokulia, dakika arobaini kutoka kwangu kama barabara haina foleni. Mwaka jana aliteleza uani akateguka kifundo cha mguu. Kaka yangu, ambaye yuko mbali na ana maoni mengi, akapiga simu: mama hawezi kuendelea kukaa peke yake. Nikakubaliana naye, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Nikajenga chumba. Chumba cha maana, choo humohumo ndani, dirisha linalotazama bustani. Nilikionyesha kwa kila aliyekuja nyumbani, hata fundi wa bomba aliyekuja kwa shida za jikoni. Mama akaja kukaa wiki mbili kukijaribu. Akasema kizuri, mwanangu, Mungu akubariki. Basi tukapanga ahamie moja kwa moja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumba yake ifungwe, mengine tutayaona huko mbele. Pikapu ikakodiwa.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo nilifungua faili la Nyumba Namba 47.

Mhojiwa: mwanamke, miaka sabini na miwili, mjane. Wako wengi wa namna hiyo. Niliendelea kusoma huku nakoroga chai. Aliulizwa anapenda tamthilia gani, akajibu ile ya Kikorea ya familia yenye duka la kufulia nguo. Akaulizwa anamwonaje yule mama mkwe anayevaa lulu.

"Yule mimi namwita Wifi," alijibu. "Sura ni nyingine, lakini roho ni ya wifi yangu kabisa. Ukimwona anatabasamu, ficha cherehani."

Nikaacha kukoroga. Duniani kuna mtu mmoja tu ambaye hajasemezana vizuri na wifi yake kwa miaka thelathini na moja kwa ajili ya cherehani, na mtu huyo ndiye aliyenizaa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kulifunga faili. Sikulifunga, na sitajitetea. Nilitazama huku na huku kama mwizi wa sukari, kisha nikavuta kiti karibu.

"Huwa unaangalia na nani?" mhojaji aliuliza.

"Kwangu? Tunakuwa watano. Mmoja hasikii vizuri, namweleza. Mwingine anasinzia, akiamka namweleza pale alipoachia. Jirani wa nyuma hajui nani mtoto wa nani, kila siku namchorea ukoo upya. Ikifika saa moja jioni nakuwa mwalimu mkuu (anacheka)."

"Na ukiwa mahali pengine?"

"Nilikaa kwa binti yangu wiki mbili. Ana televisheni kubwa kama mlango. Lakini kule kila mtu ana chumba chake na kila mtu ana simu yake. Siku ile yule msichana wa duka la kufulia nguo alipogundua barua zake zilifichwa miaka yote, nikageuka nimwambie mtu (kimya). Hapakuwa na mtu. Nikauambia mto."

"Ulijisikiaje?"

"Nilijisikia nimefika mapema mahali nisipotakiwa kufika bado." Halafu akaendelea bila kuulizwa: "Binti yangu ana roho nzuri. Amenijengea chumba. Nikimwambia sitaki nitamvunja moyo. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata kama kamba yenyewe ni ya hariri. Mimi nataka kufia kwenye kelele za majirani zangu."

Swali la mwisho ni lilelile kwa watu wote: ungependa kuongeza chochote?

"Hapana. Andika hayo tu. Yaandike yote, usiruke (anacheka)."

Ningependa kukuambia kwamba nilimhurumia. Nilikasirika. Mto! Nyumba ina watu watano na mfanyakazi mmoja, eti mama yangu anazungumza na mto! Nikajaribu kukumbuka jioni hiyo mimi nilikuwa wapi. Nikakumbuka. Nilikuwa meza ya kulia chakula, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kochi lake, nimevaa vipokea sauti masikioni, nasikiliza rekodi ya mama wa watu akieleza huwa anaangalia televisheni na nani.

Nikashika kipanya cha kompyuta, nikabandika lebo. Burudani. Jibu zima, kuanzia wale watano mpaka kwenye mto. Alikuwa amecheka, si amecheka? Mabano yenyewe yanasema. Nikafunga faili, nikaenda kunawa mikono ingawa haikuwa na uchafu.

Baada ya hapo nikajitia hamnazo. Mwandishi wa ripoti akiamua jambo, ushahidi unaopinga huuweka kiambatisho cha nyuma ambako hakuna anayefika, na mimi nilifanya vivyo hivyo. Nilimpigia mama simu kama kawaida. Umeanza kufunga vyombo? Bado kidogo. Mguu unasemaje? Mguu mzima. Wiki ya pili aliniuliza jambo ambalo hajaniuliza miaka kumi na sita.

"Kazini mnasoma nini siku hizi?"

"Mambo ya Asia tu, mama," nikasema. "Yaleyale."

"Haya," akasema, akakata simu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya pikapu, tukakaa meza ndefu mimi na Bwana Ushahidi. Tulikwenda vizuri. Namba 44, sawa. Namba 45, sawa. Namba 46 tulipishana kuhusu gauni la bibi harusi wa Kihindi, nikamwachia. Tukafika 47. Yeye aliandika Upweke. Akaona yangu, akavua miwani.

"Burudani?"

"Burudani," nikasema. "Anacheka. Tazama mwanzoni, tazama mwishoni."

"Dada yangu, watu hucheka hata msibani."

"Ana marafiki wanne, kila jioni wako pamoja. Upweke uko wapi hapo?"

"Haupo pale anapoishi. Uko kule anakopelekwa." Akasoma kwa sauti ile sehemu ya mto. Bwana Ushahidi anasoma vibaya, anasoma kama mtu anayetangaza namba za foleni hospitalini, na huenda ndiyo sababu ilinichoma zaidi. Alipomaliza akasema, "Huyu mama haongelei tamthilia hata kidogo. Huyu anaaga."

"Ushahidi uko wapi?" nikamuuliza.

Hakuna aliyewahi kumrudishia swali lake. Aliliweka faili mezani.

"Unamjua?" akauliza.

"Simjui."

Nilisema hivyo, mchana kweupe, mbele ya mtu niliyekaa naye meza moja miaka tisa. Simjui. Nikakusanya karatasi zangu, nikaenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kumkana mzazi kwa sababu ya lebo! Nilijiona mdogo, na nilistahili kujiona hivyo. Niliponawa uso nikaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Alikuwa na penseli mbili kichwani, maana ilikuwa saa saba tu.

Nikamweleza yote. Kwamba nilimtambua mama yangu tangu ukurasa wa pili. Kwamba nilisoma hadi mwisho, nikabandika lebo ya kujipendeza, nikamdanganya mwenzangu, na kwamba keshokutwa mama anahamishwa na mimi ndiye niliyekodi gari.

Hakupiga kelele, na ningependelea apige. Alivuta daftari, akaandika. "Kwenye Namba 47 utaondolewa. Atasoma mtu mwingine. Mafaili yako mengine ya mwezi huu nayo yatarudiwa, samahani, lazima. Na utamwomba radhi mwenzako leo, kabla hajaenda nyumbani."

"Sawa."

"Na yaliyomo kwenye faili huwezi kwenda nayo kwa mama yako. Unalijua hilo."

"Ndiyo maana nimekuja," nikasema. "Nifanye nini sasa? Najua asichotaka na siruhusiwi kukijua."

Akatafuta penseli mezani, akaikosa, akaacha. "Nimewasoma wazee wa Japani miaka ishirini na mbili," akasema. "Naweza kukuambia wanaamka saa ngapi na wanasalimiana na nani dukani. Baba yangu mimi sijui anaamka saa ngapi. Nenda kamuulize mama yako, kama vile hujasoma chochote. Na akikujibu, msikilize."

Bwana Ushahidi nilimwomba radhi kwenye ngazi. Alisema alijua, maana ndani ya miaka tisa hajawahi kuniona natetea burudani kama mtu anayetetea roho yake. Kisha akaniuliza kama mama kweli alificha cherehani. Nikamwambia siruhusiwi kujibu.

Jumamosi nilifika saa tatu asubuhi. Pikapu ilikuwa imekwishafika, friji imepandishwa, godoro limefungwa kamba. Majirani wote wanne walikuwa wamekaa kwenye mkeka barazani, wamepanga miguu mstari mmoja, na hakuna aliyesaidia kubeba hata kijiko. Niliwasalimia. Waliitikia, lakini kwa namna ambayo ungedhani salamu zimepanda bei. Huo ulikuwa mgomo, nami niliuelewa.

Mama alikuwa ndani, amekaa juu ya begi lililofungwa, amevaa gauni lake la safari, mkoba mapajani. Sebule nzima ilikuwa tupu. Televisheni tu ndiyo ilikuwa bado mahali pake, waya umechomekwa ukutani.

Wahojaji wetu huwa nawafundisha hivi: uliza swali lililo wazi, halafu nyamaza. Usimsaidie mtu jibu. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, uone. Miaka yote hiyo nafundisha, sijawahi kulifanya kwa mama yangu. Kwa mama huwa nauliza na kujibu mwenyewe, naokoa muda.

Nikakaa chini sakafuni mbele yake. Simu nikaiweka ndani ya mkoba na mkoba nikausukuma mbali.

"Mama, unajisikiaje kuhama?"

"Vizuri, mwanangu. Nimefurahi."

Siku nyingine ningesema haya basi, tuondoke kabla ya foleni. Nikanyamaza. Moja. Mbili. Nje dereva akapiga honi. Nne. Tano. Mama akafungua mkoba, akaufunga. Saba. Barazani nilisikia mmoja wa wale wanawake akisema "shhh" kwa mwenzake. Nane.

"Mbona unanitazama kama yule msichana wenu?" mama akasema.

"Msichana gani?"

"Usinichezee. Yule aliyekuja na kinasa sauti. Alisema anatoka Kituo cha Asia, chuo kikuu. Nikasema, aa, hapo ndipo kwa mwanangu, yule anayesoma maneno ya watu. Nikamuuliza, nikisema kitu kitasomwa? Akasema mama, kila neno. Basi nikasema." Akanitazama usoni. "Hukusoma?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi njia nzima, lakini si kwa hilo. "Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

"Nikuambie saa ngapi? Ukija unasimama. Ukikaa, unaishika simu. Nikianza sentensi, wewe unaimaliza, tena unaimalizia pengine kabisa. Yule msichana alikaa hapa saa nzima na robo, hakunikatiza hata mara moja. Nikasema moyoni, njia ya kufika kwa mwanangu ni hii." Alisema bila hasira, kama anayenielekeza stendi ilipo. "Nikangoja. Wiki ya kwanza nikasema ana kazi nyingi. Wiki ya pili nikakuuliza mnasoma nini, ukasema mambo ya Asia. Wiki ya tatu nikasema basi, amesoma, ameelewa, na bado anataka nihame. Ndipo nikaanza kufunga vyombo."

Kuna watu wanaosema moyo umewadondoka. Mimi wangu ulibaki palepale na kuuma. Mama yangu alitafuta mtu wa kunifikishia ujumbe, akampata, ujumbe ukafika mezani kwangu siku ileile uliyotakiwa kufika, na mimi nikaubandika lebo.

"Nilisoma, mama," nikasema. "Wiki tatu zimepita."

"Kumbe."

"Hairuhusiwi. Ni siri. Tunatia saini kwamba..."

"Siri ya nani? Maneno si yangu?"

Ukitaka kujua, swali hilo baadaye lilimshinda hata Mkurugenzi.

"Na eti kila jibu linapewa neno lake," mama akaendelea. "Yule msichana alinieleza. Mimi uliniandikia neno gani?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema Upweke, lebo ya Bwana Ushahidi, nikatoka pale mtoto mwema. Lakini nilikuwa nimedanganya vya kutosha kwa wiki moja.

"Burudani," nikasema.

"Burudani," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chai kujua kama imetiwa sukari. "Na mto?"

"Na mto."

Alitazama televisheni iliyozimwa, akatazama mikono yake. Sasa ilikuwa zamu yangu kungoja na sikuhesabu, maana ningehesabu ningefika mia. Nilimwona amezeeka na nilimwona ameumia, na sikuwa na pa kujificha, kwa sababu nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye chumba kisicho na kitu.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Niliogopa. Chumba kile nilikijenga kwa ajili yako, lakini na mimi nilikuwa nakijengea usingizi wangu. Ukiwa pale ndani, nalala. Sikuuliza wewe utalalaje."

"Nitakusamehe," akasema. "Lakini si leo leo. Nipe siku mbili tatu, nikuone ukija na kukaa." Akainuka, akajinyoosha gauni. "Kaka yako nitampigia mwenyewe. Na habari ya kuteleza, nimeongea na fundi, anakuja Jumanne kumwaga zege la kukwaruza pale uani. Nilitaka kukuambia tangu mwezi uliopita. Kwanza nenda kashushe friji, maziwa yataharibika."

Nikatoka. Wale wanne barazani walikuwa wamekwishasikia kila kitu, maana mlango ulikuwa wazi na yule asiyesikia vizuri alikuwa anaelezwa na wenzake kwa sauti ya juu. Mmoja alikuwa tayari amesimama juu ya pikapu, anafungua kamba za godoro kwa meno. Nilikuwa nalia waziwazi, mbele ya mtaa mzima, na sikujali.

Dereva akazima injini, akashuka, akavua kofia. "Pole sana, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Kumetokea nini?"

"Shusha vitu vyote," nikamwambia. "Mama anabaki."